Doto Sijui Kalala Wapi

Karani wa Sensa alifika nyumbani kwetu Nyihogo, hapa Kahama, asubuhi ya Agosti 23, 2022, kizibao mwilini na kishikwambi mkononi. Mama alimpa kiti barazani. Swali lenyewe tulikuwa tumelisikia redioni mpaka watoto wakalikariri: ni nani na nani waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo? Mama akaanza kuwataja watu wake mmoja mmoja, na kijana akawa anagusagusa kioo. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele. Alimwacha mama amalize, kisha akamgeukia karani.

"Andika vizuri, baba. Shija ndiye huyu unayezungumza naye, kalala hapa. Kashindye kalala hapa. Kulwa kalala kwake Mhongolo, wenzako watamkuta. Doto sijui kalala wapi."

Kwa msomaji asiye wa kwetu: Wasukuma na Wanyamwezi humwita pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata Shija, na anayemfuata Shija Kashindye. Mama yangu ni Shija, kwa hiyo nyumba nzima tulijua kwamba walitangulia wawili. Mjomba Kulwa tulikuwa naye. Doto tulijua alifariki akiwa mchanga. Kaburi lake hatukuwahi kuonyeshwa, lakini wakati wa kuhamishiwa vijijini watu wengi waliyaacha makaburi yao kwenye mahame, na hakuna aliyeona sababu ya kuuliza.

Karani akataka kujua kama huyo Doto ni mwanakaya. Mama akamwambia aandike wale aliotajiwa mwanzo. Kijana alipokwisha kutoka getini, mama alishuka akakaa mkekani, ana kwa ana na mama yake.

"Mama, Doto si alikufa?"

"Nani kasema kafa? Mimi neno hilo sijawahi kulitamka. Baba yenu ndiye aliyesema hayupo."

Siku hiyo hatukupika mchana.

Bibi alitusimulia. Ilikuwa 1974, mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu wa mkoa wa Shinyanga walikuwa wanatolewa kwenye miji yao iliyotawanyika na kupangwa katika vijiji vipya. Bibi na babu walipimiwa kiwanja mbugani wakaambiwa wajenge. Mvua za miaka ile zilikuwa mbaya na chakula kilikuwa haba karibu nchi nzima. Watu walikula unga wa njano wa msaada, ule walioubatiza unga wa Yanga. Babu alikuwa njiani kila siku, anarudi mahame kusomba miti ya kujengea na mtama uliobaki ghalani. Bibi alijifungua pacha kwenye kibanda cha nyasi ambacho hakijakandikwa. Maziwa yalitoka siku chache, kisha yakakata.

Akamfunga Kulwa mgongoni, Doto akamkumbatia kifuani, akaenda kwa miguu mpaka zahanati ya misheni. Masista walikuwa na maziwa ya kopo. Kulwa alishika nguvu upesi. Doto alikuwa mdogo kiasi kwamba sista mmoja alimmwagia maji ya ubatizo usiku wa kwanza, wakijua hatafika asubuhi. Akafika. Hapo zahanati palikuwa na mwanamke aliyekuwa anatibiwa, mke wa mfanyakazi wa reli wa stesheni ya Isaka. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Ndiye aliyekaa na Doto mapajani akimtia maziwa mdomoni kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku na mchana, ili bibi apate kulala.

Bibi hakuweza kukaa misheni. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kuangalia nani kajenga na nani kalima, na Kulwa naye alihitaji mtu. Babu na yule bwana wa reli wakazungumza. Isaka mshahara ulikuja kila mwezi, na maziwa ya ng'ombe yalinunulika. Wakakubaliana kwamba Doto aende Isaka na mama yule, na akianza kutembea arudishwe kwao. Hawakuandikiana chochote. Walipeana mikono mbele ya sista.

Mvua ziliponyesha na chakula kikapatikana, babu alipanda baiskeli na kuku wawili wa shukrani akaenda Isaka. Kwenye nyumba za reli alikuta familia nyingine. Yule bwana alikuwa amepata uhamisho. Mmoja alisema Tabora, mwingine Kigoma, mwingine Dodoma. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Nairobi, likavunjika nayo. Kwetu likazaliwa shirika jipya. Babu alikuwa amekwenda tena Isaka mwaka huo. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Doto hayupo." Mama yangu alikuwa tumboni. Alipozaliwa akaitwa Shija, kama ilivyo desturi, na jina la Doto likawa halitajwi tena mpaka karani wa Sensa alipouliza.

Mjomba Kulwa aliitwa jioni ile ile. Alisikiliza akiwa amesimama, helmeti ya pikipiki bado mkononi. Mke wake, ambaye nampenda na ambaye ndiye anayetuuguza wote tukiugua, alisema kile ambacho naamini wengi wangekisema: "Kwa hiyo mtoto alitupwa."

Nimelikataa neno hilo tangu siku ile na ninalikataa hapa. Mtoto anayetupwa huachwa mahali ili aliyemwacha asijulikane. Doto alipelekwa na mama yake kwa miguu, akabatizwa kwa majina ya wazazi wake, akakabidhiwa mikononi mwa mtu aliyekwisha kumpigania, kwa ahadi iliyosemwa mbele ya shahidi. Watu waliofanya hivyo walikuwa wanamwokoa mtoto katika mwaka ambao hawakuwa na njia nyingine. Kilichompoteza ni uhamisho wa kikazi na ukimya wa mwanaume mmoja mwenye uchungu. Babu yangu naye simlaumu. Nilimfahamu. Alikuwa mtu wa kubeba.

Tukaanza kutafuta, na kila mtu nyumbani alitafuta kwa akili yake.

Mama aliamini serikali ina faili. Tulikwenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, tukakuta dada mwenye subira aliyetueleza mambo ambayo natamani kila familia iyajue. Kuasili mtoto kisheria hapa nchini ni kwa amri ya mahakama. Leo kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya 2009; mwaka 1974 kulikuwa na Sheria ya Kuasili, Sura ya 335, iliyotoka wakati wa ukoloni. Mahakama ikishatoa amri, wazazi waliozaa wanapoteza haki zao zote juu ya mtoto na waliomwasili wanakuwa wazazi wake kwa kila kitu, urithi ukiwemo. Msajili Mkuu, ambaye tangu 2006 kazi yake iko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, humwandika mtoto katika rejista ya walioasiliwa. Kumbukumbu inayounganisha jina jipya na kizazi cha kwanza hufungwa. Haifunguliwi kwa mtu aliyekuja dirishani kuuliza. Inataka amri ya mahakama.

Mama aliuliza kwa nini watu wafungiwe damu yao. Yule dada alimjibu kwamba ufungio huo uliwekwa kumlinda mtoto asije akasumbuliwa, na kuwalinda waliomlea. Nilisoma baadaye kwamba sheria yetu ilifuata ile ya Uingereza, ambako kuasili kwa amri ya mahakama kulianza kwa sheria ya 1926. Huko nako watoto walioasiliwa walikua, wakataka kujua. Uskochi iliwaruhusu waliokwisha kuwa watu wazima kuiona kumbukumbu ya kizazi chao tangu 1930. Uingereza yenyewe ilingoja mpaka sheria ya 1975.

Kisha yule dada akamgeukia bibi: "Mama, mlifika mahakamani? Uliweka dole gumba mahali popote?"

"Dole gumba niliweka kwenye daftari la zahanati nilipopewa maziwa."

Basi hakukuwa na amri, wala rejista, wala faili. Nilitoka pale nikiwa na wazo ambalo halijaniacha. Aliyeasiliwa mahakamani amefungiwa mlango, lakini mlango upo, na funguo ziko kwa mahakama. Aliyetolewa kwa mdomo hana hata mlango wa kubisha. Na katika nchi yetu, waliotolewa kwa mdomo ndio wengi: waliopelekwa kwa shangazi asiye na mtoto, kwa mwalimu aliyehamia, kwa mama lishe aliyekuwa na moyo. Hakuna mahali walipoandikwa.

Mjomba Kashindye yeye aliamini redio. Matangazo hulipiwa kwa maneno, kwa hiyo aliandika, akapunguza, akapunguza tena, mpaka reli ikatoka, na Isaka ikatoka. Likasomwa hivi: Doto, pacha wa Kulwa, uliyechukuliwa na wasamaria wema ukiwa mchanga mwaka 1974, ndugu zako wako Kahama wanakutafuta. Ikafuata namba ya simu.

Katika ukanda huu, kutoka Shinyanga mpaka Geita, ukiita Doto sokoni watageuka watu. Simu zilianza kabla ya jua kuzama. Wengine waliomba watumiwe nauli kwanza, na hao mjomba aliwakatia. Wengine walilia tu, wakasema samahani, wakakata wenyewe. Mama mmoja wa Masumbwe alieleza kwamba yeye si Doto ila ni Kulwa, na aliuliza kama tukimpata Doto wetu tunaweza kumuulizia na wake.

Halafu Jumamosi moja, akaja mtu.

Alishuka kwenye gari la Kakola na begi dogo la mgongoni. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa, mabega ya mtu aliyefanya kazi duarani na kwenye karasha za machimboni maisha yake yote. Alivua kofia, akatoa shikamoo kwa mama, akasema, "Mimi ni Doto. Nilisikia tangazo." Alizaliwa mwaka 1974, au ndivyo alivyoambiwa. Alichukuliwa mchanga. Aliambiwa ana pacha. Mjomba Kulwa alikuja na pikipiki mbio kutoka Mhongolo, wakasimama mlangoni wanatazamana, na mimi niliyekuwepo nasema kwa moyo wote kwamba walifanana. Urefu ule ule, paji la uso lile lile. Majirani walipiga vigelegele. Mke wa mjomba alichinja jogoo aliyekuwa amefugiwa Pasaka. Ukapikwa wali wa mchele mpya wa Kagongwa, na kila aliyepita barabarani alikaribishwa.

Bibi hakuwepo. Alikuwa kwenye msiba wa rafiki yake Busoka tangu asubuhi, na simu hana. Bajaji ilimleta jioni, watu wamekwisha kula, mgeni kaketishwa kwenye kiti cha babu na Kulwa pembeni yake. Mama alimpokea getini akilia: "Mama, Doto huyu hapa."

Bibi aliingia na khanga yake ya msibani. Yule mtu alipiga magoti, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi ovyo. Bibi alimshika mikono yote miwili, akamtazama usoni muda mrefu, akamwinua.

"Karibu sana, baba yangu. Umelelewa vizuri. Lakini Doto wangu ni binti."

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Miezi yote ile ya ofisi na redio, Doto huyu, Doto yule, amechukuliwa, amepelekwa, yuko wapi, na kila mmoja wetu alikuwa anamwona kichwani mwanaume anayefanana na Kulwa. Bibi, kwa upande wake, hakuona haja ya kutuambia kitu ambacho kwake kilikuwa wazi kama mchana. Mjomba Kulwa alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Mgeni ndiye aliyepata sauti kwanza. Alisema anaomba radhi kwa kula chakula cha watu, akaanza kutafuta begi lake. Bibi akamzuia mlangoni. "Unakwenda wapi usiku huu? Wewe umetafuta, sisi tumetafuta. Kaa."

Akakaa, na usiku ule tulimsikia. Aliyemlea alikuwa mchimbaji mdogo aliyehama naye kutoka mwalo hadi mwalo, kila palipotajwa dhahabu. Hatimaye wakaweka kambi Bulyanhulu, ambako maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wamejenga mji mzima wa maturubai na udongo. Baba huyo alimwambia siku moja kwamba hakumzaa. Alimpokea kutoka kwa mama aliyekuwa na pacha, na atamweleza yote wakipata nafasi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, ule ambao ulikuja kuanza uzalishaji mwaka 2001. Watu walitawanyika kwa siku chache, huku na huku, na mizigo yao kichwani. Yeye alielekea Kakola na wenzake, baba akawa amekwenda upande wa Geita kutafuta pa kuanzia. Hawakuonana tena. Amemtafuta Nyarugusu, amemtafuta Rwamgasa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nafasi ya kuelezwa haikupatikana.

Nimesoma maandishi mengi kuhusu Bulyanhulu ya mwaka ule, juu ya leseni, fidia na kesi, na mabishano yake hayakuisha upesi. Sijaona popote palipoandikwa kwamba watu kama huyu walipoteza pale mtu pekee aliyejua walizaliwa na nani.

Asubuhi, kabla hajaondoka, alimuuliza bibi swali ambalo sisi hatukuwa nalo: "Mama, Doto wako alibatizwa na nani?" Bibi akasema sista, usiku, kwa maji ya bakuli. "Basi yumo kitabuni," alisema. "Mimi nilihangaika na vitabu hivyo, ila sijui nianzie parokia gani. Nyie mnajua."

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi Kanisa Katoliki linavyotunza watu wake. Ni utaratibu wa zamani hapa kwetu. Wamisionari wa Afrika walifika Ushirombo mwaka 1891, zamani ikiwa Kahama na leo ni Bukombe mkoani Geita, wakawalea huko watoto waliokombolewa utumwani, na kila aliyebatizwa aliandikwa. Hata ubatizo wa dharura huingizwa kitabuni baadaye. Tena habari haziishii hapo. Mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa katika parokia nyingine, hata ya mbali, parokia hiyo hutakiwa kupeleka taarifa kule alikobatizwa, na taarifa inaandikwa pembeni mwa jina lake.

Paroko alituketisha ofisini, akafungua kabati, akatoa kitabu cha 1974. Kurasa zimegeuka rangi, wino wa bluu umefifia, mwandiko wa sista unasomeka vizuri. Akapitisha kidole. Likatokea jina la babu. Likatokea jina la bibi. Likatokea jina la ubatizo, ambalo sitaliandika kwa kuwa ndilo analotumia mwenyewe mpaka leo, na mbele yake neno Doto. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwepo. Pembeni, kwa mwandiko wa watu wengine, yaliandikwa mambo mawili: kipaimara, Tabora; ndoa, Mpanda, 1996.

Mama alitaka kuondoka siku ile ile kwenda Mpanda. Paroko alikataa kutupa jina la mume. Alisema maneno ambayo mama aliyapokea kwa hasira na ambayo mimi nayaona ya haki: huyu ni mtu mzima, ana haki ya kuulizwa kwanza kama anataka kupatikana. Akaahidi kumwandikia paroko mwenzake wa Mpanda, na barua ikasomwe na Doto mwenyewe, peke yake.

Kusubiri ndiko kulikotuchosha. Katika siku hizo maneno ya shamba yalianza. Bibi ana eneo lake la mpunga, na ardhi ya pembeni mwa mji huu imepanda bei tangu mgodi wa Buzwagi ulipofunguliwa mwaka 2009. Hata baada ya uzalishaji wake kufika mwisho, viwanja havikurudi bei ya zamani. Mke wa mjomba aliuliza kwa upole, lakini aliuliza: huyo akija, anakuja kama nani? Anagawana? Mjomba Kashindye akasema aliyelelewa kwingine anarithi kwingine. Mama akasema hakuna amri ya mahakama, kwa hiyo Doto ni mtoto wa nyumba hii kama yeye. Walipandishiana sauti mpaka bibi akatoka chumbani na kuwaambia shamba ni lake na yeye bado anapumua.

Simu ilikuja usiku, namba ngeni. Mama aliweka sauti kubwa ili wote tusikie. Mwanamke upande wa pili alisalimia kwa adabu, akataja jina lake la ubatizo, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kulwa yupo hai?"

Mjomba Kulwa alikuwepo. Aliichukua simu, akaenda nayo nje.

Mama mkubwa Doto alikuwa anajua. Alijua tangu 1996. Anayetaka kufunga ndoa kanisani hutakiwa kuleta cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa. Yeye alidhani ni Tabora, alikokulia. Mama aliyemlea ndipo alipomketisha na kumwambia cheti kitatoka Kahama, na kitakuja na majina ya watu wengine. Kilipofika alikikunja akakiweka ndani ya Biblia. Hakuja kututafuta kwa sababu moja tu, na aliisema bila kuificha: baba aliyemlea alikuwa amefariki, mama yake amebaki peke yake, na aliona mama huyo akimwona anapanda treni atadhani mtoto anarudishwa kwa wenyewe.

Alikubali kuja, kwa sharti kwamba aje na mama yake.

Walikuja kwa treni: Mpanda, Kaliua, Tabora, na kutoka Tabora wakachukua ya kuelekea Mwanza mpaka Isaka, kwa kuwa yule mama mlezi alitaka aone tena nyumba za reli. Tulikwenda wote kuwapokea stesheni. Wa kwanza kushuka alikuwa mwanamke mrefu mwenye paji la uso la mjomba Kulwa, akageuka kumsaidia mzee aliyekuwa nyuma yake. Mjomba Kulwa, ambaye maisha yake yote amekuwa nusu ya kitu bila kujua nusu nyingine iko wapi, hakukimbia safari hii. Alikwenda polepole, akapokea begi la yule mzee kwanza, ndipo akamkumbatia pacha wake.

Nyumbani, yule mama alipiga magoti mbele ya bibi. Alisema waliambiwa uhamisho wakapewa siku mbili. Aliandika barua kwa masista, haikujibiwa. Baadaye aliogopa, na kadiri mtoto alivyokua ndivyo hofu ilivyokua. "Tulikubaliana akianza kutembea," alisema. "Nimechelewa, dada yangu."

"Akianza kutembea," bibi alijibu. "Si huyo kaja anatembea?" Akamwinua, akamkalisha kitandani kwake, na usiku huo wazee hao wawili walilala chumba kimoja. Tuliwasikia wanazungumza mpaka jogoo.

Kesi ya shamba ilifungwa siku ya pili kwa muda usiozidi kunywa chai. Mama mkubwa alisema ana kwake na watoto wake wana kwao. Bibi akasema hakuulizwa kama anataka, amepewa: kipande cha upande wa mtoni, kilimwe na Kulwa mpaka wajukuu wa Mpanda watakapokihitaji. Mke wa mjomba ndiye aliyekwenda na mtendaji wa kijiji kukipima.

Kilichozua mambo zaidi ni cheti. Mama mkubwa alikitoa kwenye Biblia, tukakisoma mezani, na mjomba Kulwa akaona kwa mara ya kwanza tarehe aliyozaliwa. Yeye aliyebaki nyumbani hakuwahi kuwa na karatasi yoyote. Kitambulisho chake cha Taifa kina tarehe aliyokisiwa. Yule aliyetolewa ndiye aliyekuwa na siku, mwezi, majina ya wazazi na jina la aliyemmwagia maji. Sasa mjomba anafuatilia RITA usajili wa kizazi chake, na ushahidi anaoupeleka ni ubatizo wa pacha wake.

Doto wa Kakola alikuwepo siku hizo zote. Bibi ndiye aliyeagiza aitwe. Mama mkubwa alimwita pacha mwenzangu, akampa kitenge ampelekee mkewe. Kabla hajarudi kazini, mjomba Kashindye alimkalisha na karatasi, na safari hii hakupunguza neno hata moja, wala hakuacha kuuliza lolote. Nyumba nzima tulichangia gharama. Tangazo limekwisha kusomwa, na linaendelea kusomwa, nami naliweka hapa kama lilivyo:

"Anatafutwa pacha aitwaye Kulwa, mwanaume au mwanamke, aliyezaliwa takriban mwaka 1974. Pacha wake Doto, mwanaume, alipewa mchimbaji mdogo wa dhahabu akiwa bado ananyonya, akalelewa naye kwenye machimbo hadi Bulyanhulu, wakapoteana Agosti 1996. Doto ni mrefu, mikono mikubwa, ana mke na watoto wanne. Kama wewe ni Kulwa, au mama yako aliwahi kusema alimtoa Doto, au baba yako alisema hayupo, muulizeni vizuri aliye hai. Doto yuko Kakola. Anafika Kahama kila mwisho wa mwezi."